Seva ya kuwekea mifumo kwa mtandao: ijaze mjini, ipeleke skuli

Fundi aliyekabidhiwa kompyuta thelathini za mtumba na flashi mbili, aziwekee mfumo endeshi, anaijua kazi iliyo mbele yake. Achomeke, awashe, abonyeze F12 au F9 au Esc kutegemea nani katengeneza mashine, ajibu maswali yale yale ya lugha na saa, asubiri, achomoe, ahamie meza ya pili. Na kama skuli yenyewe iko Wete au Micheweni, huko Pemba, na intaneti ya hapo ni bando la simu ya mwalimu, kila mashine inapakua vifurushi (mafaili ya programu) vile vile upya na bando linakwisha kabla ya adhuhuri.

Kuna njia nyengine, ya zamani na ya bure. Karibu kila kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao inaweza kuwaka bila flashi wala CD: inauliza kwenye waya ipewe anwani na iambiwe iwashe nini, seva inajibu, mafaili yanakuja, na kazi ya kuweka mfumo inaanza. Utaratibu huo unaitwa PXE. Toleo lake la 2.1, lililotolewa na Intel mwaka 1999, ndilo ambalo mashine nyingi za mtumba zinalifuata.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza seva hiyo ndani ya laptopu ya kawaida, kuijaza vifurushi ukiwa Mjini Unguja penye intaneti nzuri, kisha kupanda nayo boti mpaka Mkoani na kufanya kazi skuli bila intaneti hata kidogo. Nimetumia Debian 13, mfumo endeshi wa jamii ya Linux uliotoka Agosti 2025, kwa sababu hauna leseni ya kuomba na mafaili yake ya kuwakia kwa mtandao yanakuja tayari kwenye furushi moja. Kupiga Windows kwa njia hii kunawezekana, lakini kunataka mambo mengine na leseni ya kila mashine. Hiyo ni habari yake peke yake.

Kwanza: nani anajibu?

Ukilielewa hili, mengine yote ni kunakili mafaili. Kompyuta inayowaka kwa mtandao haijui seva iko wapi. Inauliza kwa sauti kwenye waya mzima, na yeyote anayegawa anwani humo anaweza kujibu. Kazi ya kugawa anwani inaitwa DHCP, na ruta ya ofisini inaifanya kila siku. Ukiichomeka seva yako kwenye swichi (kisanduku cha kuungia nyaya za mtandao) moja na ruta hiyo, baadhi ya mashine zako zitajibiwa na ruta, ambayo haina habari ya mfumo wowote, na baadhi ya kompyuta za ofisi zitajibiwa na wewe, zipoteze intaneti, na mhasibu aje juu.

Kwa hiyo: swichi yako, nyaya zako, seva yako, basi. Hakuna ruta ndani yake. Iko njia ya kuishi pamoja na ruta, ambapo seva inaachia anwani zigawiwe na ruta na yenyewe inaongeza jibu la PXE tu, lakini mashine za UEFI (programu ya kuwashia ya kompyuta za karibuni, iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani) huwa na tabia zao katika hali hiyo. Kwa kazi ya darasa sioni sababu ya kujitafutia tabu.

Vifaa

Laptopu yenye RAM ya GB 4, diski yenye nafasi ya GB 50, na tundu la waya. Wi-Fi ya laptopu itatumika kupata intaneti mjini. Tundu la waya litatumika kwa darasa tu. Swichi ya kawaida isiyo na mipangilio inafaa kuliko ile ya bei kubwa. Zile zinazopangwa nyingi hulizuia tundu kwa kama sekunde 30 kila waya unapochomekwa, na kompyuta inakuwa imeshachoka kusubiri jibu. Swichi ya matundu manane inatosha ukifanya mashine saba saba.

Na UPS (betri ya akiba), hata ndogo, kwa seva na swichi. Pemba inapata umeme wa bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na hali ni tofauti kabisa na enzi za majenereta, lakini umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo bado upo. Kompyuta ya mwanafunzi ikizimika katikati, utaianza tena. Seva ikizimika, zinasimama zote saba.

Kuandaa seva

Weka Debian 13 kwenye laptopu, iunge na Wi-Fi, kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install dnsmasq nginx apt-cacher-ng tcpdump
```

Ukiulizwa kuhusu njia za HTTPS za apt-cacher-ng (programu ya kuweka akiba ya vifurushi), jibu hapana. Tazama jina la kadi ya waya kwa `ip link`. Hapa nimeliandika enp3s0. Lako huenda likawa jengine, na ulibadilishe kila mahali. Ipe kadi hiyo anwani isiyobadilika kwa kuongeza haya kwenye /etc/network/interfaces:

```
auto enp3s0
iface enp3s0 inet static
    address 10.20.0.1/24
```

Sasa chukua furushi la kuwakia, na uhakikishe halikuharibika njiani:

```
U=http://deb.debian.org/debian/dists/trixie/main/installer-amd64/current/images
wget $U/netboot/netboot.tar.gz $U/SHA256SUMS
grep netboot/netboot.tar.gz SHA256SUMS
sha256sum netboot.tar.gz
sudo mkdir -p /srv/tftp
sudo tar -xzf netboot.tar.gz -C /srv/tftp
```

Amri ya tatu na ya nne zitatoa namba mbili ndefu, lazima zifanane. Kama una mashine za zamani za biti 32, Debian 13 haina tena programu ya kuziwekea. Kwa hizo tumia Debian 12.

dnsmasq: sauti ya seva

Programu hii moja inagawa anwani na inatoa mafaili. Tengeneza /etc/dnsmasq.d/darasa.conf:

```
interface=enp3s0
bind-dynamic
dhcp-range=10.20.0.50,10.20.0.150,255.255.255.0,12h
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,7
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,9
dhcp-boot=tag:!efi,pxelinux.0
dhcp-boot=tag:efi,debian-installer/amd64/bootnetx64.efi
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
log-dhcp
```

Mistari ya client-arch ndiyo inayowashinda wengi. Mashine za BIOS na za UEFI haziwaki kwa faili moja. Kila mashine inapouliza, inajitaja kwa namba: BIOS hujitaja 0, UEFI ya biti 64 hujitaja 7 au, mara nyengine, 9. Ukiipa mashine ya UEFI faili la pxelinux.0, italipokea kwa heshima zote, kisha irudi kwenye menyu kimya kimya. Faili la bootnetx64.efi limetiwa saini, hivyo huna haja ya kuzima Secure Boot (kinga inayokubali mafaili yenye saini tu).

Kagua na uwashe:

```
sudo dnsmasq --test
sudo systemctl restart networking dnsmasq
```

Menyu: diski kwanza

Furushi la Debian linakuja na menyu yake. Mimi huiondoa, kwa sababu ya usalama. Seva hii inafuta diski bila kuuliza. Kwa hiyo mashine iliyowaka kwa mtandao kwa bahati mbaya lazima irudi kwenye diski yake yenyewe, na kuweka mfumo kuwe ni jambo ambalo mtu kalichagua kwa mkono.

Kwa mashine za BIOS, faili ni /srv/tftp/pxelinux.cfg/default:

```
DEFAULT diski
PROMPT 1
TIMEOUT 100

LABEL diski
  LOCALBOOT 0

LABEL weka
  KERNEL debian-installer/amd64/linux
  APPEND initrd=debian-installer/amd64/initrd.gz auto=true priority=critical interface=auto url=http://10.20.0.1/preseed.cfg
```

TIMEOUT inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, hivyo 100 ni sekunde kumi. Kompyuta ikifika hapo itaonesha `boot:`. Unaandika weka, unabonyeza Enter. Kwa UEFI, andika upya /srv/tftp/debian-installer/amd64/grub/grub.cfg:

```
set default=0
set timeout=10
menuentry "Endelea na diski" {
  exit
}
menuentry "Weka Debian: DISKI ITAFUTWA" {
  linux /debian-installer/amd64/linux auto=true priority=critical interface=auto url=http://10.20.0.1/preseed.cfg
  initrd /debian-installer/amd64/initrd.gz
}
```

Faili la majibu

Hapa ndipo unapojibu maswali yote mara moja kwa niaba ya mashine zote. Kwanza tengeneza neno la siri lililofichwa kwa `openssl passwd -6`, kisha weka haya kwenye /var/www/html/preseed.cfg, ambapo nginx (seva ya wavuti) italigawa kwa mashine:

```
d-i debian-installer/locale string en_US.UTF-8
d-i keyboard-configuration/xkb-keymap select us
d-i mirror/country string manual
d-i mirror/http/hostname string deb.debian.org
d-i mirror/http/directory string /debian
d-i mirror/http/proxy string http://10.20.0.1:3142/
d-i passwd/root-login boolean false
d-i passwd/user-fullname string Fundi
d-i passwd/username string fundi
d-i passwd/user-password-crypted password BANDIKA_HAPA
d-i clock-setup/utc boolean true
d-i clock-setup/ntp boolean false
d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam
d-i partman-efi/non_efi_system boolean true
d-i partman-auto/method string regular
d-i partman-auto/choose_recipe select atomic
d-i partman-lvm/device_remove_lvm boolean true
d-i partman-partitioning/confirm_write_new_label boolean true
d-i partman/choose_partition select finish
d-i partman/confirm boolean true
d-i partman/confirm_nooverwrite boolean true
d-i apt-setup/services-select multiselect
tasksel tasksel/first multiselect standard, xfce-desktop
d-i pkgsel/include string openssh-server
popularity-contest popularity-contest/participate boolean false
d-i grub-installer/only_debian boolean true
d-i grub-installer/bootdev string default
d-i preseed/late_command string rm -f /target/etc/apt/apt.conf; \
  echo "deb http://security.debian.org/debian-security trixie-security main non-free-firmware" > /target/etc/apt/sources.list.d/usalama.list
d-i finish-install/reboot_in_progress note
```

Mistari michache inataka maelezo. Mtumiaji anaitwa fundi, si mwanafunzi, kwa makusudi: root (akaunti kuu) ikifungwa, mtumiaji wa kwanza anapewa mamlaka yote ya mashine. Akaunti za wanafunzi utazifungua baadaye.

Mstari wa proxy unaielekeza kila kompyuta kwa apt-cacher-ng, ambayo inasikiliza kwenye mlango (port) namba 3142. Kifurushi kinachoombwa mara ya kwanza inakipakua na kukiweka akiba. Cha mara ya pili inakitoa kwenye diski ya laptopu. Hata kama kila mashine ingehitaji GB moja tu, kompyuta thelathini ni GB 30 za bando dhidi ya moja. Lakini Debian ikimaliza kujiweka inaikumbuka proxy hiyo, na seva ikishaondoka skuli, apt ya kila kompyuta itakuwa inamwita mtu asiyekuwepo. Ndiyo maana late_command inafuta apt.conf.

Mstari wa services-select umeachwa mtupu kwa sababu ya safari. Orodha za masasisho ya usalama za Debian zina tarehe ya kumalizika, kama wiki moja tu. Ukizibeba kwenye akiba kisha safari ikacheleweshwa na bahari chafu ya kusi, zitakataliwa. Orodha kuu haina tarehe hiyo. Basi ya usalama inaongezwa mwishoni na late_command, ianze kutumika siku mashine itakapopata intaneti.

Kuijaza mjini

Ukiwa bado Unguja, Wi-Fi imeunganishwa, washa kompyuta ya majaribio kwa waya na uiweke mfumo mpaka mwisho. Vyote ilivyovichukua vimebaki kwenye /var/cache/apt-cacher-ng.

Usiridhike na moja, kwani mashine tofauti huomba vitu tofauti: ya BIOS inachukua grub-pc, ya UEFI inachukua grub-efi, ya Intel ina vifurushi vyake vya prosesa na ya AMD vyake. Mpigie mwalimu, umwambie akutajie mashine zilizopo skuli ni za aina gani, na uweke mfumo angalau moja ya kila aina kabla ya kuondoka. Huko Micheweni, kifurushi kimoja cha KB chache kinachokosekana kinaisimamisha kazi sawasawa na kikubwa.

Halafu zima intaneti na ujaribu upya. Kwenye /etc/apt-cacher-ng/acng.conf weka:

```
Offlinemode: 1
```

Anzisha upya huduma kwa `sudo systemctl restart apt-cacher-ng`, zima Wi-Fi, na uziweke mfumo zile zile kwa mara ya pili. Zikifika mwisho, uko tayari kwa boti. Kutoka hapo usiirudishe seva kwenye intaneti nusu nusu: Debian ikitoa toleo dogo jipya, kerneli (kiini cha mfumo) iliyo kwenye /srv/tftp na moduli (vipande vyake) zilizo kwenye hazina ya vifurushi huacha kulingana, na mashine italalamika kuwa haioni moduli za kerneli. Ukisasisha akiba, chukua na netboot.tar.gz mpya siku hiyo hiyo.

Skuli

Kabla ya waya wowote, zitazame mashine zenyewe. Chumvi ya hewani haina huruma. RAM iliyokaa miaka karibu na pwani huota kutu kwenye meno yake, na kompyuta inapiga mlio bila kuonesha kitu. Itoe, isugue meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe. Nyingi huamka hapo hapo.

Kisha ingia BIOS na utazame saa. Betri ndogo ya CR2032 ikifa, mashine hujikuta miaka mingi nyuma, na Debian huzikataa saini za hazina kwa kuwa zinaonekana zimetiwa siku ambayo haijafika. Ujumbe unaoonekana ni kwamba hazina ni mbovu, na fundi anahangaika na seva nusu siku kumbe ni betri. Washa pia kipengele cha kuwaka kwa mtandao. Kwenye UEFI mara nyingi kimeandikwa Network Stack. Na muulize mwalimu mkuu, mbele ya mtu mwengine, kama kuna kazi za watu kwenye diski hizo.

Fungua dirisha hili kwenye seva na usiliondoe machoni:

```
sudo journalctl -u dnsmasq -f
```

Washa mashine moja. Utaona DHCPDISCOVER, yaani mashine inauliza. DHCPOFFER, seva imejibu. DHCPREQUEST na DHCPACK, wamekubaliana. Halafu `sent /srv/tftp/pxelinux.0`. Mara nyengine unatokea mstari unaosema mashine imekatisha upokeaji wa faili. Usishtuke: inauliza kwanza ukubwa wa faili, inakata, kisha inalichukua kweli.

Mambo yakienda kombo, skrini ya mashine hutoa namba, na kila namba inakuambia mazungumzo yamekatikia wapi. PXE-E61 ni waya: haujachomekwa vizuri au umekufa. PXE-E51 ni kwamba hakuna aliyejibu. Tazama kama DHCPDISCOVER inafika kwenye seva. Kama haifiki, tatizo liko kwenye swichi au umekosea jina la kadi. PXE-E53 inamaanisha kapata anwani lakini hakutajiwa faili, na hapo uanze kutafuta nani kachomeka ruta kwenye swichi yako. PXE-E32 ni kwamba kaomba faili na hakujibiwa, mara nyingi ukuta wa moto (firewall) kwenye seva. PXE-T01 au E3B: faili halipo, umekosea njia yake. Ukiwa bado gizani, sikiliza waya wenyewe:

```
sudo tcpdump -ni enp3s0 port 67 or port 68 or port 69
```

Moja ikipita, washa saba. Zitakwenda polepole kidogo mwanzoni wakati zote zinavuta initrd (faili la kuanzishia) ya makumi ya megabaiti kwa TFTP, ambayo ni njia ya kizamani ya kutuma mafaili, kisha kasi itapanda zikihamia kwenye akiba. Flashi zote ziwe zimechomolewa, maana mashine ikiona diski mbili itasimama kuuliza.

Majina ya kompyuta usiyaache yote yawe debian. Anwani za kadi zinaonekana kwenye dirisha la dnsmasq, hivyo ongeza mstari kwa kila moja kwenye darasa.conf kabla ya kuiwekea mfumo, na ubandike namba ile ile kwa karatasi juu ya kasha:

```
dhcp-host=aa:bb:cc:dd:ee:01,pc01,10.20.0.51
```

Jina linalotoka kwa DHCP ndilo Debian inalolichukua. Zikimaliza zote, rudi BIOS ya kila moja, weka diski mbele, zima kuwaka kwa mtandao, na uweke neno la siri la BIOS ambalo mwalimu wa kompyuta na mwalimu mkuu wote wanalijua.